Ng'ambo Kutoka Angani: Majina ya Mitaa na Usomaji wa Picha Kongwe

Mtu anayeitandaza mezani picha ya angani ya mji wa Unguja iliyopigwa zama za ukoloni hupokewa na jambo la kutatanisha: nusu ya mji anaoujua haimo. Upande wa magharibi hakuna shida. Rasi ya Mji Mkongwe iko palepale. Mnara wa kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, unaonekana. Na kuba jeupe la Beit al-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925, limekaa kama yai ukingoni mwa Mnazi Mmoja. Shida huanza jicho linapovuka kwenda mashariki, Ng'ambo.

Jina lenyewe ni fundisho la kwanza. Ng'ambo kwa asili ni neno linalodai maji: upande wa pili wa mto, wa hori, wa bahari. Anayepita leo katika Barabara ya Benjamin Mkapa, iliyoitwa zamani Creek Road, haoni maji yoyote, bali hapo ndipo hori lilipopita, na bahari ilipojaa Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Hori hilo lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Kwa hiyo picha yenye maji mengi zaidi huelekea kuwa ya zamani zaidi. Huelekea tu, kwani picha iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa huonyesha tope, na tope hilo limewahadaa wengi wakalidhani ni ardhi iliyokwisha kufukiwa. Yafaa kuyauliza majina. Darajani hapana daraja tena, ila soko lililofunguliwa hapo mwaka 1904 lingalipo, na paa lake refu ndiyo nanga bora ya kuanzia. Kisha yako Funguni, Mchangani na Vikokotoni. Fungu, mchanga, vikokoto: haya ni maneno ya ufukweni, na mitaa inayoyabeba huonyesha ukingo wa hori hata pale picha isipouonyesha. Kisiwandui nayo huhifadhi mambo mawili kwa pamoja, kisiwa na ndui, yaani mahali pa kuwatenga wagonjwa.

Picha nyingi za namna hii hazina alama ya kaskazini. Hapa msikiti humfaa mtafiti kuliko dira. Unguja na Makka karibu ziko katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani neno kibla limekuwa na maana ya kaskazini pia, na suheli, jina la nyota, likawa kusini. Penye msikiti ambao mihrabu yake imechomoza nje ya ukuta, kibonge hicho kidogo huelekea kaskazini. Kivuli husaidia, lakini kwa masharti. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya miezi hiyo kivuli cha adhuhuri huanguka kusini, na katika kipindi kilichobaki huanguka kaskazini. Asiyejua picha ilipigwa mwezi gani asikitegemee kivuli peke yake. Mihrabu haibadiliki na majira.

Miti ni mtego mkubwa zaidi. Kutoka juu mnazi huonekana kama nyota na mwembe kama duara jeusi, nao ni rahisi kutofautisha. Hapo mtazamaji hushawishika kuonyesha duara kubwa na kutamka: hii ndiyo Mwembeladu, ile Mwembetanga. Jina la mti huthibitisha kwamba mti ulikuwapo siku moja; halithibitishi kwamba ulikuwa umesimama siku ndege ilipopita. Lakini umbo la jina lina la kusema. Mwembeshauri, Mwembetanga na Mwembeladu ni majina ya umoja: mti mmoja uliojulikana na wote. Miembeni na Michenzani yana wingi na kiambishi -ni cha mahali, yakiashiria kundi la miti, pengine shamba zima lililokuwapo kabla ya nyumba. Kikwajuni inaivunja kanuni hii, kwa kuwa ina umoja wa kudunisha na -ni kwa pamoja. Mnazi Mmoja haina taabu: katika kisiwa cha minazi, kilichostahili kutajwa ni hesabu.

Michenzani ndipo penye uchungu. Majumba ya ghorofa, yaliyotanguliwa na yale ya Kikwajuni na Kilimani ya miaka ya 1960, yalipangwa huko kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na barabara zake zilizonyooka zikakata mitaa iliyojengwa kwa udongo na miti. Wengi wa Ng'ambo walimiliki nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kodi ya ardhi hiyo ndiyo iliyozusha mgomo wa mwaka 1928. Mwenye nyumba ya namna hiyo, ikishabomolewa, hana kiwanja cha kuonyesha wala hati ya kukitaja. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba zake zimechorwa mlango kwa mlango. Kwa familia nyingi za upande wa pili, paa moja la makuti katika picha ndilo ushahidi uliobaki kwamba waliishi hapo.

Paa hilo halitambuliki kwa kutazamwa kutoka juu. Mzee aliyezaliwa Ng'ambo, akiulizwa "hapa ni wapi?", hana sababu ya kujibu kama rubani. Aanzie Darajani, atembeze kidole kama alivyotembea mguu, akitaja kisima, msikiti, duka na nyumba ya fulani. Mtafiti aandike majina kwa mpangilio huohuo, wala asiyapange kwa alfabeti kabla ya kuondoka, maana mpangilio huo ndio njia. Na wazee wawili wakibishana juu ya jina la msikiti mmoja, mihrabu itaonyesha upande uliko kibla, lakini haitamaliza ubishi. Yaandikwe majina yote mawili, na kando ya kila moja mtaa alikokulia aliyelitaja.