Nyumba ya Kisulutini: Johannes na Emma Rebmann katika Historia ya Kamusi za Pwani

Anayezuru Rabai, kaskazini-magharibi ya Mombasa, huonyeshwa makumbusho yenye jina la Johann Ludwig Krapf. Jina hilo limestahili kuwekwa hapo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga Julai ya mwaka huo huo, na baada ya miaka sita akatoa huko Tübingen sarufi ya Kiswahili iliyo mwanzo wa sarufi zote zilizofuata. Lakini Krapf alikuwa mtu wa safari. Mwaka 1853 aliondoka, na aliporudi mwaka 1862 hakukaa sana. Aliyebaki Rabai ni mwenzake Johannes Rebmann, aliyewasili mwaka 1846 na kuondoka mwaka 1875. Katika miaka hiyo 29 hakurudi Ulaya hata mara moja. Mwisho wa likizo zake ulikuwa Misri. Na miaka kumi na minne kati ya hiyo hakukaa peke yake. Mwaka 1851 alimwoa mjini Kairo Emma Kent, mwanamke Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni huko, na mwaka uliofuata wakafungua nyumba yao Kisulutini, katika nchi ya Warabai.

Historia ya umisionari imewahukumu watu hawa kwa idadi ya waliobatizwa, na kwa kipimo hicho hawakufaulu. Waongofu walikuwa wachache mno. Historia ya jiografia nayo imemhifadhi Rebmann kwa siku moja tu: tarehe 11 Mei 1848, alipouona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wataalamu wa London, hasa W. D. Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika Mashariki, walimkejeli kwa miaka mingi. Mabishano hayo yamesimuliwa mara nyingi, wala hayahitaji kurudiwa. Kwa mwanaisimu, lenye uzito ni jambo dogo ambalo Rebmann aliliandika siku ile ile: alipomwuliza kiongozi wake wa safari weupe ule ni nini, yule hakuwa na jina la kuutaja, akasema tu kuwa ni baridi. Cooley aliona hapo udhaifu wa ushahidi. Lakini huo ndio ushahidi wenyewe. Mtu wa pwani hakuwa na neno la theluji, akautaja ule weupe kwa athari yake mwilini. Na msikilizaji wake alikuwa mwangalifu kiasi cha kuandika alichoambiwa, badala ya alichotarajia kuambiwa.

Tabia hiyo ya kuandika alichoambiwa ndiyo iliyoifanya nyumba ya Kisulutini kuwa karakana ya maneno. Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari. Rebmann alianza na ndoto hiyo hiyo, ila kadiri miaka ilivyopita akaamini kwamba kazi ya kwanza ni kukaa na kusikiliza. Alikusanya maneno ya Kirabai, yaani lugha ya majirani zake, ambayo vitabu vya wakati ule viliiita Kinyika. Alikusanya maneno ya Kiswahili cha Mombasa. Na kuanzia mwaka 1853 alikusanya maneno ya lugha ambayo wasemaji wake waliishi mwendo wa majuma mengi kutoka pale alipokaa.

Lugha hiyo aliiita Kiniassa. Leo tunaifahamu kuwa ni ya jamii ya Chichewa. Rebmann hakupata kuliona Ziwa Nyasa. Aliyempatia maneno hayo ni Salimini, mtu wa upande wa magharibi wa ziwa hilo, aliyetekwa, akauzwa, na kufikishwa Mombasa akiwa mtumwa. Inafaa kulitafakari jambo hili kwa utulivu, maana mara nyingi hutajwa kana kwamba ni bahati njema ya kitaaluma. Biashara iliyomng'oa Salimini kwao ndiyo iliyomleta katika meza ya mwandishi wa kamusi. Hakuja kwa hiari. Lakini alipofika mezani hapo, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Maelezo ya mimea, vyombo, desturi na ukoo yaliyomo katika kamusi ile yametoka katika kumbukumbu ya mtu aliyekatwa na watu wake, akiikariri nchi yake neno baada ya neno mbele ya mgeni. Ni vigumu kuamini kwamba kazi hiyo ilikuwa kwake kazi tu.

Na Emma? Taarifa juu yake ni chache kupita kiasi, kwa kuwa walioandika walikuwa wanaume na waliandikia ofisi iliyoajiri wanaume. Jambo moja hata hivyo laweza kusemwa kwa kuitazama kazi yenyewe. Rebmann alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Gerlingen karibu na Stuttgart, mwenye elimu ya seminari ya Basel. Tafsiri za maneno katika kamusi yake ya Kiniassa ni za Kiingereza. Ni kweli kwamba chama kilichomtuma kilikuwa cha Uingereza, kwa hiyo Kiingereza kilikuwa lugha ya kazi. Lakini katika Kisulutini yote, kwa miaka kumi na minne, Mwingereza wa kumwuliza kama neno fulani la Kiingereza linabeba maana iliyokusudiwa alikuwa mkewe. Hakuna sahihi yake popote, na dhana haigeuki kuwa ushahidi kwa sababu tu inapendeza. Hata hivyo, kamusi ya lugha mbili ina pande mbili, na kumdhani Emma hakuwa na mkono wowote katika upande wa pili kunahitaji imani kubwa zaidi kuliko kumdhani alikuwa nao.

Mwaka 1857 ulikuwa wa misukosuko. Mwezi Januari Richard Burton alipanda hadi Kisulutini kumshawishi Rebmann afuatane naye bara, asifaulu. Kisha mashambulizi ya Wamaasai yakawalazimisha mume na mke kuhama, wakakaa Unguja kwa muda kabla ya kurudi. Mwaka 1866 Emma alifariki. Rebmann akabaki na karatasi zake, huku macho yakififia. Wageni waliofika baadaye walimkuta mzee aliyekaribia kuwa kipofu, naye bado akiendelea na maneno yake. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, misheni ilipata shughuli mpya, yaani makazi ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town, na viongozi wapya wasiokuwa na subira na kamusi zisizokwisha.

Alirudi Ujerumani mwaka 1875, akisindikizwa na Isaac Nyondo wa Rabai, akakaa Kornthal jirani na Krapf. Huko alimwoa Luise Däuble, mjane wa mmisionari. Ndoa hiyo ilidumu miezi michache tu: Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka huo ndio tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilipopigwa chapa St. Chrischona, karibu na Basel.

Tafsiri hiyo ilikuwa ya Kimvita, na hapo ndipo bahati ya Rebmann ilipokwisha. Edward Steere alikuwa Unguja tangu mwaka 1864, na kitabu chake cha mwaka 1870 kilikwisha kuwapa wageni Kiswahili cha mji ule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, uliamua, katika mji ule ule wa Kimvita, kwamba *mato* yawe macho, *tini* iwe chini, na *ndia* iwe njia. Uamuzi huo ulikuwa na hoja zake za kiutawala na za kuenea kwa lahaja, wala si haja kuufufua ugomvi. Ila anayetaka kujua Mombasa ilisemaje kabla ya shule na kabla ya redio hana budi kurudi kwa watu wa Rabai.

Na kurudi kwenyewe kunawezekana kwa sababu ya rafiki mmoja. Krapf, naye mzee, alizichukua karatasi za marehemu na kuzihariri. Kamusi ya Kiniassa ilitoka mwaka 1877. Ile ya Kinyika, ya Krapf na Rebmann pamoja, ilitolewa na T. H. Sparshott mwaka 1887. Kamusi kubwa ya Kiswahili, ambayo Krapf aliijenga kwa miaka mingi, ilitoka London mwaka 1882; yeye mwenyewe alikwisha kufariki tarehe 26 Novemba 1881, akazikwa Kornthal alikozikwa Rebmann. Jalada la kamusi ya Kiniassa lina majina mawili, la mkusanyaji na la mhariri. Jina la Salimini lazima litafutwe ndani.