Maneno ya Huku, Chapa za Kule: Historia ya Vitabu Katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Karibu kila kitabu kilichozaliwa katika pwani ya Malindi na Kilifi kimepigwa chapa mahali pengine. Bombay, Tübingen na London zilitangulia, kisha ikaja Nairobi. Pwani ilitoa lugha, visa, mafundi wa maneno na mara nyingine mwandishi mwenyewe, lakini mitambo ilikuwa mbali, na aliyeshika mtambo ndiye aliyeamua kitoke nini, kitoke lini na kisomwe na nani. Mpangilio huo umedumu kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Kabla ya chapa, kitabu kilikuwa kazi ya mkono. Wanachuoni na watunzi waliandika kwa herufi za Kiarabu, na aliyetaka nakala alinakili mwenyewe au alimlipa mwenye khati nzuri. Vituo vikubwa vya kazi hiyo vilikuwa kaskazini, Pate, Lamu na hasa Siyu, uliosifika kwa kunakili misahafu, na kusini, Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji. Malindi haikuwa na nafasi katika orodha hiyo, na sababu yake ni ya kisiasa. Mwishoni mwa karne ya 16 Wareno walimweka mtawala wa Malindi kwenye kiti cha Mombasa, na mji alioupa kisogo ukadidimia hadi ukawa magofu. Ulihuishwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, enzi ya Sultani Majid wa Unguja, kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Mji wa mashamba mapya hauna maktaba za kurithi. Ndiyo maana historia ya kitabu cha chapa katika eneo hili haikuanzia Malindi mjini. Ilianzia Rabai, kijiji cha vilimani nyuma ya Mombasa ambacho leo kimo katika Kaunti ya Kilifi.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai. Waumini walikuwa wachache mno, lakini maneno yalikuwa tele, na Krapf alikuwa mtu wa maneno kuliko mtu wa mahubiri. Alitafsiri sura za Mwanzo kwa Kiswahili, na tatu kati yazo zikachapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki. Mwaka 1848 Injili ya Luka ilitoka katika Kinika, jina ambalo wageni waliipa lugha ya Warabai na ndugu zao, kwani jina la Mijikenda lilishika baadaye, katika karne ya 20. Mwaka huohuo kikatoka pia kijitabu cha kufundishia kusoma lugha hiyo.

Vyote viwili vya Kinika vilipigwa chapa Bombay. Kwa macho ya leo ni ajabu, lakini kwa hesabu za wakati ule Bombay ilikuwa jirani. Vyombo vya Kihindi vilishuka pwani na kaskazi vikiwa na nguo na shanga, vikarejea na kusi vikiwa na pembe za ndovu na sandarusi. Mji huo pia ulikuwa na viwanda vya chapa vilivyozoea maandishi ya kila namna. Hata vitabu vya dini ya Kiislamu vya chapa ya mawe, vilivyoanza kuchukua nafasi ya nakala za mkono baadaye katika karne ile, vilifika pwani kutoka huko na kutoka Cairo. Msimu wa kwanza wa vitabu vya chapa katika pwani hii ulikuwa, kwa hiyo, msimu wa pepo.

Mwaka 1850 Krapf alitoa Tübingen, Ujerumani, sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kipokomo na Kinika zikiwamo. Uamuzi wake wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi ulikuwa na matokeo makubwa kuliko tafsiri zake zote. Watu waliokuwa wakijua kusoma na kuandika kwa karne nyingi waligeuzwa, mbele ya mtambo mpya, kuwa watu wasiojua kusoma. Alikusanya pia miswada ya tenzi, na ule wa Utendi wa Tambuka aliupeleka Ujerumani katikati ya miaka ya 1850. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Imejaa Kimvita cha wakati ule, majina ya dawa, mitego, vyakula na mashetani, na wanaleksikografia waliofuata waliichota bila haya.

Rabai ilikuwa pia chanzo cha habari. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na taarifa yake ikasomwa katika toleo la kwanza la Church Missionary Intelligencer, Mei 1849. Mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekaa London na kuandika juu ya Afrika bila kuizuru, aliibeza. Miaka michache baadaye ramani iliyochorwa na Jakob Erhardt kwa kushirikiana na Rebmann, kutokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Umbo lake lilikuwa la kuchekesha, lakini ramani hiyo ndiyo iliyochochea safari ya wapelelezi Burton na Speke, na Burton mwenyewe alipanda Rabai mwaka 1857 kumwona Rebmann.

Kazi ya ajabu kuliko zote zilizotoka Rabai ni kamusi ya lugha isiyosemwa Rabai. Miaka ya 1853 na 1854 Rebmann alikaa na mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetoka magharibi ya Ziwa Nyasa, akiandika kutoka kinywani mwake maneno ya Kinyanja. Kamusi hiyo ilichapishwa Uswisi mwaka 1877, miaka zaidi ya ishirini baadaye, ikihaririwa na Krapf, Rebmann akiwa amekwisha kufa baada ya kurudi kwao kipofu. Hivyo mojawapo ya kamusi za mwanzo za lugha ambayo leo ni ya mamilioni ya watu wa Malawi na Zambia ilitungwa katika kilima cha Kilifi, na aliyeijua lugha hakuwa huru hata kuamua aende wapi. Jalada lina jina la Rebmann. Haki ingetaka majina mawili.

Desturi hiyo ya mzungumzaji kubaki nyuma ya jalada iliendelea. Kamusi ya Kinika ya Krapf na Rebmann ilitoka London mwaka 1887. Mwaka 1891 William Ernest Taylor, mmisionari aliyekuwa na sikio kali kuliko wenzake wote, alitoa vitabu viwili: kimoja cha msamiati na masimulizi ya Kigiriama, kingine cha methali za Kiswahili. Mwalimu wake wa ushairi alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, na pasipo yeye sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ingepotea. Tungo hizo zilikusanywa katika diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940 na William Hichens. Mshairi wa Mombasa alilazimika kuzunguka Afrika Kusini ili awafikie wasomaji wa vitabu.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha Krapf na Taylor kikawa lahaja ya pembeni, na waandishi wa pwani ya Kenya wakaanza kusahihishwa lugha yao wenyewe na wahariri. Kitabu kilichopenya katika kipindi hicho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa London mwaka 1934, kinachosimulia habari za watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, karibu na Mombasa.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau jijini Nairobi, chini ya Charles Richards, ili kuwapatia Waafrika vitabu katika lugha zao. Nia haikuwa safi kabisa: msomaji aliyeshiba vijitabu vya kilimo, afya na mila alitarajiwa asitafute magazeti ya siasa. Lakini shirika hilo lilipanua mlango ambao wamisionari waliufungua kidogo tu, wa kumweka Mwafrika kwenye jalada kwa jina lake. Mwaka 1949, katika chapa yake ya Eagle Press, kilitoka Nchi na Desturi za Wagiriama. Mwandishi wake alikuwa mwalimu wa miaka 26 au karibu na hapo, aliyezaliwa Vishakani na kusoma Kaloleni, Alliance na Makerere: Ronald Ngala.

Hapa Mgiriama mwenyewe aliwaeleza Wagiriama kwa Kiswahili, bila mmisionari kusimama katikati. Ni kitabu chembamba, cha kufundishia, na hakina hasira, jambo ambalo humshangaza anayejua kwamba serikali ya Mwingereza ilipigana na watu haohao mwaka 1914 baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha wasitoe vijana wao. Ila mtu aliyeandika juu ya nchi ya Wagiriama mwaka 1949 ndiye aliyeongoza chama cha KADU kuanzia mwaka 1960 na kupigania serikali za majimbo, na ni vigumu kuamini kwamba hoja hizo mbili hazina udugu. Ngala alifariki Desemba 1972 kutokana na ajali ya barabarani. Siasa zake zimeandikwa sana, uandishi wake umesahauliwa, na usahaulifu huo ni hasara.

Wakati Ngala akiandika, mwanaakiolojia James Kirkman alikuwa akifukua magofu ya Gedi, kazi aliyoianza mwaka 1948. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 aliuita mji huo wa Kiarabu. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa Gedi ulikuwa mji wa Waswahili, na ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024 hakuna aliyerudia jina la Kirkman. Malindi yenyewe ilipata historia yake kamili mwaka 1973, kazi ya Esmond Bradley Martin iliyotolewa na East African Literature Bureau. Uasi wa Wagiriama ulipata kitabu chake mwaka 1981, cha Cynthia Brantley, kutoka California. Mtoto wa shule wa Kenya alisubiri hadi mwaka 2000, Elizabeth Mugi-Ndua alipotoa wasifu mfupi wa Mekatilili kupitia Sasa Sema ya Nairobi.

Riwaya ilimpata mwana wake katika Ribe, kijiji jirani na Rabai ambako Wamethodisti walifika miaka ya 1860. Katama Mkangi, mwanasosholojia, alitoa Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Kati ya kitabu cha pili na cha tatu kuna kizuizi cha serikali ya Moi, alikotiwa mwaka 1986. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani, anatua katika jamii isiyo na unyonyaji, kisha anarudi. Jina la shujaa ni la Kimijikenda, na kejeli ni ya mtu aliyekwisha kulipa gharama ya maneno yake. Mkangi aligombea urais mwaka 1997 akashindwa vibaya, na alifariki mwaka 2004. Kama kuna mwandishi wa eneo hili anayestahili kusomwa upya kabla ya wote, ni yeye.

Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye mtihani mwaka 1985, soko la vitabu lilipanuka ghafla na majira yake yakabadilika. Januari, shule zifunguapo, ukawa mwezi wa mavuno ya maduka ya vitabu Malindi na Kilifi kama kwingineko Kenya. Septemba ukawa mwezi wa maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1998. Kitabu kisichoteuliwa kwa shule kilikuwa na bahati ndogo ya kupakiwa kwenye lori. Mapigo mawili yalifuata: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye vitabu mwaka 2013, na uamuzi wa serikali, kuanzia mwaka 2018, wa kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Wanafunzi wengi walipata vitabu. Mwenye duka la mji mdogo alipoteza Januari yake.

Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipata hati yake, na miongoni mwa waliofundisha humo ni Rocha Chimerah, mwandishi wa Nyongo Mkalia Ini na Siri Sirini. Mwaka uliofuata ilitangazwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, bodi yake ikiongozwa na Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mfadhili, Mabati Rolling Mills, ana kiwanda Mariakani, ndani ya Kaunti ya Kilifi. Washindi wa kwanza, mwaka 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu, wote wawili Watanzania, na diwani hiyo ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.