Kombo: kasoro iliyogeuka mchezo

Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu, Magomeni, kilikuwa na televisheni mbili, Sega mbili, na benchi moja tulilobanana watoto saba. Ilikuwa mwaka 2000 au 2001. Mwenye kibanda tulimwita Anko. Sheria yake ya maandishi ilikuwa moja tu, ya chaki mlangoni: lipa kwanza. Nyingine zote zilikuwa za mdomo, na nyingi tulizitunga sisi wenyewe baada ya kupigwa.

Moja niliitunga mimi. Kulikuwa na mwenzetu, Dulla, aliyecheza Street Fighter II na Ken tu. Siku moja akaanza kufanya kitu ambacho hatujawahi kukiona. Anaruka, anakupiga teke akiwa hewani, akitua anakushindilia ngumi, na kabla mkono haujarudi, moto umeshatoka. Ukishalila pigo la kwanza, huna namna ya kuzuia la pili wala la tatu. Unabonyeza kujikinga, mtu wako hasikii. Nilipigwa hivyo mara nne mfululizo mbele ya watu. Nikasimama, nikasema huyu mwizi, anatumia ubovu wa mashine. Benchi zima likaniunga mkono. Anko, ambaye hakuwahi kushika padi hata siku moja, akatoa hukumu: piga moja, ngoja mwenzio ajibu. Dulla akajaribu kucheza hivyo siku mbili, kisha akaacha kuja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, nilikuja kusoma kwamba kuhusu mashine nilikuwa sahihi kabisa.

Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II mwaka 1991. Kati ya mapambano kuna hatua ya ziada ambapo mchezaji hapigani na mtu, anavunja gari. Noritaka Funamizu, mmoja wa waliousimamia mchezo huo, alikuwa anaikagua hatua hiyo alipogundua kwamba ukibonyeza kwa wakati maalumu, pigo jingine linaingia kabla la kwanza halijaisha. Hakuna aliyekuwa amelipanga jambo hilo. Lakini Funamizu aliona muda wa kubonyeza ni mfinyu mno, hakudhani mtu angeweza kulitegemea katika pambano, akaliacha humo kama siri.

Watu wakaweza. Waliweza kwenye mashine za sarafu za Tokyo na za California, na kwa kuchelewa kidogo, wakaweza Magomeni. Mwaka 1993 ilipotoka Super Street Fighter II, mashine yenyewe ilikuwa inahesabu mapigo yaliyofuatana na kumpa mchezaji alama kwa hayo. Kasoro ikawa na bao lake kwenye kioo! Tangu hapo ni vigumu kutaja gemu ya ngumi isiyojengwa juu ya kitu hicho, ambacho vijana wetu wanakiita kombo. Wazee wa Kiswahili wangecheka, maana kwao jambo likienda kombo limepinda.

Sasa ukiishia hapo, utasema basi, kila kinachowezekana ndani ya mashine ni halali. Wapo wachezaji wanaoshikilia hivyo. Ila toleo lile lile la 1991 lilikuwa na kasoro nyingine, ya Guile, yule askari wa Kimarekani mwenye nywele kama brashi. Kwa mpangilio fulani wa vitufe, Guile aliweza kumfunga mpinzani kwake kana kwamba wamefungwa pingu, wote wawili wakawa wanaburuzana. Mpangilio mwingine uliizima mashine na kuiwasha upya, pambano likapotea na sarafu zenu. Hizi nazo zilitokana na makosa ya programu, kama kombo. Hakuna mchezo uliojengwa juu yake, na anayezifanya makusudi hakuitwa fundi.

Upande wa pili kuna Akuma. Mwaka 1994, katika Super Street Fighter II Turbo, Capcom walimficha mhusika huyu kwa makusudi yao. Akiruka anarusha moto kutoka hewani kuja chini, na wahusika wengi hawana jibu. Hapo hakuna kasoro, ndivyo walivyotaka. Na bado kwenye mashindano ya Marekani Akuma alipigwa marufuku. Japani haikuhitaji hata katazo, magwiji walikubaliana tu kimyakimya kutomchagua.

Yaani kisichokusudiwa kikaruhusiwa, kilichokusudiwa kikakatazwa. Sisi watu wa vitabu ubishi huu tunaujua. Tumekesha sana tukibishana kama maana ya shairi ni ile aliyoitaka mtunzi au ile aliyoikuta msomaji. Kwenye gemu ubishi una makali zaidi, kwa sababu kuna mtu wa pili upande wa pili wa waya na anapigwa.

Watengenezaji wenyewe mara nyingi hushindwa kuvirudisha walivyoviacha. Katika Quake ya mwaka 1996 wachezaji walijifunza kujilipua roketi miguuni ili waruke juu ya kuta, wakipoteza afya kidogo kama nauli. Wakajua pia kwamba ukiruka huku unajipinda kwa pembe fulani, unakimbia kuliko kasi iliyowekwa. John Carmack, aliyeandika programu hiyo, aliihesabu mbinu hii ya pili kuwa kasoro, na wakati wa kutengeneza Quake III Arena akajaribu kuiondoa. Ikaharibu mwendo wa kawaida, akairudisha. Leo huwezi kuitwa mchezaji wa Quake bila kuijua.

Kesi inayonisumbua mimi ni ya Novemba 2014, ukumbini Jönköping, Uswidi, kwenye DreamHack Winter. Gemu ni Counter-Strike: Global Offensive, zawadi kwa jumla ni dola 250,000. Robo fainali, Fnatic ya Uswidi dhidi ya LDLC ya Ufaransa, ramani ya tatu na ya mwisho, Overpass. Kufikia mapumziko LDLC wanaongoza raundi 12 kwa 3. Kipindi cha pili Fnatic wakapandiana mabegani, wa juu kabisa, olofmeister, akasimama mahali ambapo kwa macho hapana kitu: ukingo usioonekana, uliosahaulika na waliochora ramani. Kutoka pale aliona karibu njia zote za adui. Wafaransa wakawa wanakufa bila kujua risasi inatoka wapi. Ikaisha 16 kwa 13, Fnatic wameshinda.

LDLC wakalalamika. Kanuni za mashindano zilikataza kusimama kwenye kingo za namna hiyo. Lakini ukaguzi ukaonyesha kwamba LDLC nao, katika ramani hiyo hiyo, walikuwa wamejipandisha mahali pasiporuhusiwa, ingawa faida yao ilikuwa ndogo. Mwishowe waandaaji wakaamua ramani nzima irudiwe. Fnatic, waliokuwa wameshatukanwa mtandaoni usiku kucha, wakajitoa. LDLC wakaendelea hadi kuchukua ubingwa, na Valve, wenye gemu, wakaiziba sehemu ile.

Mimi nadhani uamuzi ulikuwa wa haki, japo matusi hayakuwa. Wala siupimi kwa kuuliza Valve walikusudia nini. Napima vitu viwili. Kwanza, je, anayepigwa amebakiwa na jambo la kufanya? Kombo ya Dulla ilikuwa na jibu: zuia lile teke la kwanza, mengine hayaji. Pingu za Guile hazina jibu. Ukingo wa Overpass ulikuwa na jibu kwa anayejua pa kulenga, na hapo ndipo ubishi unapokuwa mgumu, nakubali. Kwa hiyo kuna la pili, nalo ndilo linalonichoma: katazo liliwekwa lini? La Jönköping lilikuwepo kabla timu hazijakaa kwenye viti. Langu lilizaliwa baada ya kufungwa mara nne, na aliyelitunga ndiye aliyefungwa.

Dulla hakubahatisha. Alikuwa anakuja asubuhi kabla ya watu, analipa raundi ya peke yake, anarudia ruka-teke-ngumi-moto mpaka hela inaisha. Anko aliliona hilo kila siku. Mimi pia.

Nilikutana naye mwaka jana Kariakoo, siku hizi ni fundi simu. Nikamsimulia habari za Funamizu na lile gari, nikamwomba radhi, nusu kwa utani. Akacheka sana, bisibisi mkononi. Halafu akaniuliza kama ile kombo hatimaye niliiweza. Nikamwambia bado.

"Unawahi kubonyeza," akasema. "Subiri miguu iguse chini kwanza."