Mifugo ya Mkulima wa Ayalandi na Asili ya Ushirika Wake

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, twaona yafaa tukumbuke wakulima waliotutangulia katika njia hii ya ushirika.

Katika karne ya 19 wakulima wengi wa Ayalandi hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walipanga kwa makabaila. Nyumbani mwao kila mnyama alikuwa na kazi yake. Farasi alivuta plau. Punda alibeba mboji iliyokaushwa, ambayo ndiyo kuni zao. Kondoo alitoa sufu, na ng'ombe maziwa na siagi. Mayai ya kuku yalikuwa mali ya mama, naye aliyauza apate chai na sukari. Nguruwe alilishwa viazi, kisha akauzwa ili kodi ya shamba ilipwe. Hata watu wakamwita kwa mzaha bwana mlipa kodi.

Mwaka 1845 viazi viliingiwa na ugonjwa, vikaoza. Watu wapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengi wakahama nchi. Nguruwe naye alikosa chakula. Na asiyekuwa na nguruwe wa kuuza alikosa kodi, akafukuzwa shambani.

Baadaye siagi iliyosukwa majumbani ilishindwa na ile ya Denmark katika soko la Uingereza, kwa kuwa haikuwa ya namna moja. Ndipo mwaka 1889 wakulima wa Dromcollogher, jimbo la Limerick, walipoanzisha kiwanda cha kwanza cha siagi cha ushirika huko. Bwana Horace Plunkett aliieneza kazi hiyo, na mwaka 1894 akaongoza kuundwa kwa chama cha kuunganisha vyama vyote. Kila asubuhi mikokoteni ya punda na farasi ilipeleka maziwa kiwandani; mashine ikatenga mafuta, na maziwa yaliyosalia yakarudishwa kwa ndama na nguruwe. Hapakupotea kitu.

Lakini hapana budi tuseme na hili. Fedha ya siagi, ambayo zamani mama aliipokea mkononi, mara nyingi sasa iliandikwa kwa jina la mume. Kazi ya kukama ikabaki kwa mama, malipo yakahama.

Basi tunapoufungua mwaka wa kumi na moja, na tuvitazame vitabu vya wanachama wetu: aliyelima na aliyeandikwa, je, ni mtu mmoja?