Kuepuka mgongano wa maktaba wakati wa kuunda QEMU

QEMU ni programu huria inayoiwezesha kompyuta moja kuendesha ndani yake kompyuta nyingine za kubuni, ziitwazo kompyuta pepe. Ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Katika Linux hutumiwa sana pamoja na KVM, iliyoingizwa katika toleo la 2.6.20 la mfumo huo mwaka 2007.

QEMU haijitoshelezi. Hutegemea maktaba, yaani mafungu ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Mojawapo ni GLib, ambayo bila hiyo QEMU haiundiki.

Chanzo cha mgongano

Mifumo mingi ya Linux huweka maktaba zake ndani ya folda ya /usr/lib. Zile anazoziunda mtumiaji mwenyewe kwa kawaida huingia /usr/local/lib. Kwa njia hiyo kompyuta moja hujikuta na GLib mbili za matoleo tofauti.

Tatizo huzuka pale QEMU inapoundwa kwa kufuata toleo jipya, kisha siku ya kuendeshwa ikapatiwa la zamani. Huenda ikakataa kuanza. Huenda pia ikaanza vyema na kuanguka baadaye, na kompyuta pepe iliyomo ikazimika nayo pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa.

Mgongano mwingine ni wa maktaba ya biti 32 kuchukuliwa mahali pa ile ya biti 64. Hati ya configure, inayotangulia kazi ya kuunda QEMU, hukagua jambo hilo katika GLib na kusimamisha kazi ikiona vipimo havilingani.

Njia za kuepuka

Njia salama ni kutumia maktaba za mfumo wenyewe. Katika Debian, amri ya apt-get build-dep qemu huleta maktaba zinazohitajika kutoka hazina moja, ikiwa hazina ya msimbo chanzo imeruhusiwa.

Ikilazimu kutumia toleo jipya zaidi, maktaba hiyo itengewe folda yake, kwa mfano chini ya /opt, kwa chaguo la --prefix. Kisha PKG_CONFIG_PATH ielekezwe huko, ili maelezo ya kuundia yatoke mahali palepale pa maktaba.

Haifai kuiweka LD_LIBRARY_PATH kwa mfumo mzima, kwani programu nyingine nazo zitavutwa kwenye maktaba zisizo zao. Ni bora njia ya maktaba iandikwe ndani ya QEMU yenyewe inapoundwa.

Baada ya kubadili maktaba, kazi ianzwe upya katika folda tupu, kwa kuwa matokeo ya ukaguzi wa awali hubaki katika folda ya zamani. Mwisho, amri ya ldd huonyesha maktaba ambazo QEMU itazipata hasa.

Wajibu unaobaki

Mwezi Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM, iliyokuwamo katika QEMU tangu mwaka 2004. Iliweza kumpa mtu aliye ndani ya kompyuta pepe nafasi ya kuingilia kompyuta mwenyeji. Masahihisho yaliyosambazwa na mifumo ya Linux hayakuzifikia nakala ambazo watumiaji walijiundia. Hali ni hiyo hiyo kwa maktaba: aliyejitengea yake huwa amejitwika jukumu la kuisahihisha mwenyewe.