Mukanda Bantu na Swali la Usaliti

Mpaka unaopita Mokambo, baina ya Kongo na Zambia, ulitokana na ushindani wa Wazungu juu ya nchi ya Garenganze. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, lakini Mwami Msiri alikataa mkataba wake. Mwaka uliofuata ulifika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, ukiwa na wapagazi wengi kutoka Unguja. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, naye Bodson akafa kwa jeraha alilolipata hapo hapo.

Makala haya yanamhusu mrithi wa Msiri, mwanawe Mukanda Bantu, aliyeshirikiana na wauaji wa baba yake. Je, alikuwa msaliti?

Tunaona kuwa jibu halimo katika kifo cha Msiri peke yake. Wayeke walikuwa wageni, wenye asili ya Usumbwa, na kabla ya Stairs kufika Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi utawala wao. Kwa Mukanda Bantu, hatari iliyokuwa mlangoni ilikuwa raia wa jana. Hivyo basi, aliipokea bendera ya Leopold, akauhamishia mji wake katika bonde la Lufira, karibu na kituo cha Lofoi, na wapiganaji wake wakafuatana na askari wa dola hiyo dhidi ya Wasanga.

Historia ya Meksiko ina mfano unaofanana na huu. Mwaka 1521 Ixtlilxochitl wa Texcoco alimsaidia Cortés kuuteka mji wa Tenochtitlan, kwa kuwa watawala wake walikuwa wamempendelea ndugu yake katika kurithi kiti.

Mukanda Bantu aliitawala sehemu ndogo tu ya nchi ya baba yake hadi alipofariki mwaka 1910. Kiti kilisalia katika ukoo wake. Uhuru wa kiti hicho ulipotea. Aidha, aliacha kumbukumbu za maisha yake, nazo yafaa zisomwe kama utetezi wa mhusika. Kwa Msanga aliyechomewa kijiji, neno "usaliti" halitoshi: Mukanda Bantu hakuwahi kuwa wa upande wake. Kabla ya kuuliza nani alisaliti, tuulize kwanza: alimsaliti nani?