Majina ya Mito na Vilima vya Uingereza kama Ushahidi wa Hatima ya Wabritoni baada ya Karne ya 5

1. Usuli wa Tatizo

Utawala wa Warumi katika kisiwa cha Britania ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5. Katika karne mbili zilizofuata, wasemaji wa Kiingereza cha Kale waliotoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini walitwaa sehemu kubwa ya nchi ambayo leo huitwa Uingereza. Lugha ya wenyeji, yaani Kibritoni, ambayo ni tawi la Kikelti na mzazi wa Kiwelisi, ilitoweka katika sehemu hiyo. Suala linalobishaniwa ni hatima ya wasemaji wake. Gildas, aliyeandika katika karne ya 6, alisimulia mauaji, utumwa na watu kukimbilia ng'ambo, na Bede aliyarudia maelezo hayo mwaka 731. Katika karne ya 19, mwanahistoria E. A. Freeman alishikilia kwamba wenyeji wa sehemu zilizotekwa mapema waliangamizwa au kufukuzwa karibu wote.

Wabritoni wa mashariki hawakuacha maandishi yao wenyewe ya kipindi hicho. Kwa sababu hiyo, majina ya mito na vilima ni miongoni mwa ushahidi mchache unaotoka kwao. Insha hii inajenga hoja kwamba majina hayo yanapinga dhana ya maangamizi kamili, lakini hayathibitishi kuwa jamii hizo mbili ziliishi pamoja kwa usawa.

2. Masuala ya Mbinu

Kanuni ya kwanza ya uchunguzi wa majina ya mahali ni kutolichambua jina kwa umbo lake la leo. Jina Churchill linatoa mfano mzuri. Kwa sura yake, lina maana ya "kilima cha kanisa". Hata hivyo, Margaret Gelling alionesha kuwa baadhi ya majina hayo yanatokana na neno la Kibritoni ambalo katika Kiwelisi ni crug, yaani kilima au kichuguu, na ambalo wageni walilichanganya na neno lao la kanisa. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kukusanya maumbo ya kale zaidi yaliyomo katika maandishi ya Warumi, hati za ardhi na Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086. Kazi hiyo imefanywa mkoa kwa mkoa na Chama cha Majina ya Mahali ya Uingereza tangu kilipoundwa mwaka 1923.

Kanuni ya pili ni kutofautisha ukale na Ukelti. Mto Thames ulitajwa na Kaisari kwa jina la Tamesis, lakini asili ya jina hilo haijakubaliwa na wote. Hans Krahe alipendekeza kuwa majina mengi ya mito ya Ulaya yalikuwapo kabla ya lugha za Kikelti kujitenga. Iwapo pendekezo hilo ni sahihi, majina ya aina hiyo hayana asili ya Kikelti. Hata hivyo, yaliwafikia Waingereza kupitia vinywa vya Wabritoni, na jambo hilo ndilo lenye uzito kwa suala linalojadiliwa hapa.

3. Ushahidi wa Mito

Jina Avon, linalobebwa na mito kadhaa, ni neno la kawaida la Kibritoni lenye maana ya mto, na katika Kiwelisi cha leo ni afon. Majina Derwent, Dart na Darent yanahusishwa na neno derw, yaani miti ya mwaloni. Bede aliuandika mto Derwent kama Deruuentio. Jina Exe ni lile lile ambalo Warumi waliliandika Isca.

Mwaka 1953 Kenneth Jackson aliyapanga majina ya mito ya asili ya Kibritoni katika ramani na kugawa nchi katika kanda. Katika kanda ya mashariki, majina hayo ni machache na yanahusu hasa mito mikubwa na ya wastani. Yanaongezeka kuelekea magharibi, hadi kufikia sehemu ambazo hata vijito vidogo vina majina ya Kibritoni. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mto mkubwa hujulikana na watu wa mbali, kwa hiyo mgeni anaweza kulipata jina lake kwa msafiri mmoja. Kijito hujulikana na wanakijiji wanaochota maji humo. Jina lake haliwezi kudumu isipokuwa wenyeji wamebaki na kuwatajia majirani wapya. Kwa hiyo Freeman hakosolewi kwa kiwango kimoja kila mahali. Ushahidi dhidi yake ni dhaifu mashariki na mzito magharibi.

4. Ushahidi wa Vilima na Suala la Maana

Majina ya vilima yanaonesha upande mwingine wa mkutano huo. Jina la kilima cha Pendle, katika Lancashire, linaundwa na neno la Kibritoni pen, lenye maana ya kichwa au kilele, na neno la Kiingereza cha Kale hyll, yaani kilima. Baadaye neno la Kiingereza cha leo lenye maana ile ile liliongezwa, jina likawa Pendle Hill. Bredon Hill, katika Worcestershire, lina muundo huo huo, kwa kuwa bre na dun yote ni maneno ya kilima. Vivyo hivyo, kusema "Mto Avon" ni kusema "Mto Mto". Urudufu huu unaonesha kuwa wapokeaji walilichukua neno la kawaida wakidhani ni jina, bila kujua maana yake.

Hata hivyo, mji wa Dover unatoa ushahidi kinzani. Jina lake latokana na neno la maji, nalo lilikuwa katika wingi. Kiingereza cha Kale kiliupokea kama Dofras, umbo ambalo pia ni la wingi. Hapa inaelekea kuwa mpokeaji alielewa sarufi ya mtoaji, au mtoaji mwenyewe alikwisha kujifunza Kiingereza.

Uwezekano huo wa pili unaafikiana na sheria za Ine, mfalme wa Wessex, za mwishoni mwa karne ya 7. Sheria hizo ziliwatambua Wabritoni wenye ardhi, lakini fidia ya uhai wao ilikuwa ndogo kuliko ya Mwingereza mwenye ardhi sawa. Aidha, neno wealh, ambalo Waingereza walilitumia kwa Mbritoni, lilikuja kuwa pia na maana ya mtumwa. Katika mazingira hayo, aliye chini ndiye aliyekuwa na sababu ya kujifunza lugha ya aliye juu.

5. Hitimisho

Mjadala huu umeonesha kuwa majina ya mito yanathibitisha kubaki kwa Wabritoni, hususan magharibi, ilhali urudufu katika majina ya vilima unathibitisha kuwa walowezi wengi hawakujifunza lugha yao. Mambo hayo mawili hayapingani. Yakisomwa pamoja na sheria za Ine, yanaelekeza kwenye jamii ambayo wenyeji wake hawakuangamizwa wote, bali wengi walimezwa. Watoto wao walikua wakizungumza Kiingereza, wakiyataja majina ya mababu zao bila kuyaelewa. Kwa msingi huo, kutoweka kwa lugha kusichukuliwe peke yake kuwa ushahidi wa kutoweka kwa watu.